Je, Iko Damu Mbaya?

Ndugu zetu wa darsa ya Alkhamisi wametutaka tuyaandike yale tuliyoyazungumza usiku ule tuliporejea kutoka Thika, kwa kuwa waliohudhuria walikuwa wachache, na maneno yalipotoka pale yakaenda mjini yakageuka njiani. Wako waliosikia kuwa tumeharimisha watu kuoana, na wako waliosikia kuwa tumehalalisha kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hatukusema hili wala lile. Twaandika basi, ijapokuwa sisi si matabibu, na yale ya kitabibu tumeyachukua kwa wenyewe, tukayauliza mara mbili mbili kabla ya kuyatia katika karatasi hii.

Mwezi wa Julai tulialikwa Thika na jamaa wa pwani waliohamia huko kwa kazi za viwandani. Baada ya swala ya Ijumaa kijana mmoja alitushika mkono akatuomba tufike nyumbani kwake Ruiru. "Usinikatalie, sheikh," alisema, "maana wewe ndiwe uliyetuozesha." Ni kweli. Tulimwozesha sisi wenyewe hapa Mombasa, miaka minane iliyopita, na mke wake ni mtu wa Siu. Siku ile tuliuliza habari za walii, tukauliza mahari, tukawauliza mashahidi majina yao na ya baba zao. Zaidi ya hayo hatukuuliza.

Huko Ruiru tulimkuta mtoto wa kiume wa miaka sita amelala juu ya godoro mchana, macho yake manjano, mikono na miguu ikimuuma hata hataki kufunikwa shuka. Mdogo wake walikwisha kumzika, akiwa na miezi kumi na minne. Hospitali wameambiwa kuwa ni selimundu, maradhi ambayo wengi katika Kenya huyaita siko seli. Na mavyaa wa yule mwanamke, aliyetoka Mombasa kuja kumuuguza mjukuu wake, alitwambia maneno haya, na mlango wa jikoni u wazi, mkaza mwana wake akisikia: "Sheikh, mwanangu ameingiziwa damu mbaya nyumbani mwake. Kwetu maradhi haya hatuyajui. Mwanamke huyu na arudi kwao." Kijana akainamisha kichwa. Baadaye, tulipokuwa wawili njiani, alituuliza lafudhi ya talaka.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Je, iko damu mbaya? Na ikiwa iko, ni ya nani?

Majirani walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema ni jicho. Mwengine alisema ni baridi ya bara, na huyu hakukosa kabisa, kwa kuwa baridi ya Ruiru katika miezi ya Juni na Julai huweza kuyaamsha maumivu ya mgonjwa wa selimundu. Lakini kuamsha si kuleta. Lililotutia fikirani sisi ni jingine. Katika ua ule ule wakaa watu waliotoka Busia, upande wa ziwa, nao wana mtoto mwenye maradhi hayo hayo. Na majirani zao Wakikuyu, wenyeji wa pale, walitwambia kuwa katika koo zao hawajapata kuyaona. Kwa nini watu wa pwani na watu wa ziwani, wasio na nasaba moja wala lugha moja, wakutane katika maradhi haya, na watu wa milimani walio kati yao wasalimike?

Swali hili alijiuliza zamani kijana wa Kizungu aliyekulia hapa Kenya, Anthony Allison. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa Mlima Kenya, akachukua damu za watu wa makabila mbalimbali katika nchi hii. Aliona kuwa wenye alama ya selimundu walizidi 20 katika kila 100 kati ya makabila yaliyo karibu na pwani na karibu na ziwa, hali katika makabila ya milimani hawakutimia hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 alitangaza sababu yake: ni malaria. Palipo na mbu wengi, alama hii ilikuwa ni kinga, ikabakia kizazi baada ya kizazi. Palipo na baridi na mbu wachache haikuwa na kazi.

Kila mwanadamu ana nakala mbili za maandishi yanayoamrisha namna ya kutengeneza hemoglobini, ile inayoifanya damu kuwa nyekundu na kuchukua hewa: nakala moja ameipata kwa baba na moja kwa mama. Maandishi haya wataalamu huyaita jeni. Katika baadhi ya watu nakala moja ina tofauti ya herufi moja tu. Mwenye nakala moja ya namna hiyo, na ya pili salama, huandikwa AS katika karatasi ya hospitali. Huyu si mgonjwa. Hufanya kazi, huzaa, huzeeka, na wengi hufa wasijue. Watafiti wa Kilifi walionyesha mwaka 2005 kuwa watoto wa namna hii hukingwa na malaria kali kwa kadiri ya asilimia 90. Ama mwenye nakala zote mbili za tofauti ile, yeye huandikwa SS. Chembe zake nyekundu, zikipungukiwa na hewa, hujikunja kama mundu, zikakwama katika mishipa, na zikafa baada ya siku kumi au ishirini badala ya siku 120. Hayo ndiyo maumivu, hiyo ndiyo manjano ya macho.

Basi hesabu ya mavyaa yule yavunjika hapo hapo. Mtoto hawi SS mpaka apokee nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Ikiwa mwanamke wa Siu ametia nakala yake, na mwana wa Mombasa naye ametia yake, wala hakuna aliyezidi mwenziwe hata kwa uzito wa ufuta. Na wazazi wawili wakiwa AS, kila mimba ina kura yake peke yake: robo kuwa salama kabisa, nusu kuwa kama wazazi, robo kuwa mgonjwa. Wasidhani kuwa wakiisha kupata mgonjwa mmoja, watatu wajao wamesalimika. Kura hairithi kura iliyotangulia.

Mama wa mtoto alikuwa kimya muda wote huu. Kisha alituuliza neno ambalo lilitushinda, tukaahidi kwenda kulitafuta. Alisema: "Sheikh, mwanangu alizaliwa mzima. Alinyonya, akanenepa, akacheka. Alipofika miezi saba ndipo vidole vilipovimba. Ikiwa maradhi yalikuwa katika damu yake tangu tumboni, yalikuwa yamejificha wapi?" Kwa neno hili ndipo watu walipopata nguvu ya kusema kuwa ni jicho.

Jawabu tulilolipata lilitustaajabisha kuliko yote tuliyoyasikia. Mtoto akiwa tumboni hatumii hemoglobini ya watu wazima. Anayo nyingine, yake mahsusi, inayovuta hewa kwa nguvu zaidi, kwa kuwa yeye havuti pumzi. Yambidi achukue hewa kutoka damu ya mama yake. Na hemoglobini hiyo ya tumboni haina ile tofauti ya herufi, wala haikunji chembe. Anapozaliwa, mwili huanza kuiacha ile ya tumboni na kutengeneza ile ya ukubwani, na katika muda wa miezi sita hivi kazi yote huwa imehama. Ndipo selimundu hudhihiri. Tabibu wa watoto wa Brooklyn, huko New York, aitwaye Janet Watson, aliliona jambo hili mwaka 1948. Na katika Qatif na al-Hasa, mashariki ya Saudi Arabia, wako wagonjwa wengi ambao hemoglobini ya tumboni hubakia kwao nyingi hata ukubwani, na maradhi yao huwa mepesi kuliko ya wengine.

Nani basi anayeufunga mlango ule baada ya kuzaliwa? Kwa miaka mingi haikujulikana. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliochungua damu za watu wa Sardinia na kwingineko walifika penye jeni moja, na mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin wa Boston wakaonyesha kuwa protini inayotokana na jeni hiyo ndiyo inayoizuia hemoglobini ya tumboni. Jina lake halina ladha mdomoni, BCL11A. Sisi tutaiita bawabu, kwa kuwa kazi yake ni ya bawabu: haijengi nyumba wala haipiki chakula, husimama juu ya maandishi ya jeni nyingine, ikaamrisha hili lisomwe na lile lisisomwe. Mwaka 2011 walimwondoa bawabu huyu katika chembe nyekundu za panya waliotiwa selimundu, na panya wakapona.

Msomaji atasema: Basi huyo ndiye mbaya tuliyekuwa tukimtafuta, na afukuzwe. Taratibu. Bawabu huyu ana milango mingine. Yumo katika ubongo wa mtoto unapokua, na yumo katika chembe nyeupe zinazopigana na maradhi. Wako watoto wachache ulimwenguni waliozaliwa na nakala yake moja imeharibika: hemoglobini ya tumboni hubakia kwao nyingi, lakini akili na maneno huchelewa. Kwa upande wa pili, akizidi katika chembe nyeupe huonekana katika baadhi ya saratani za damu, na jina lile lisilo ladha lilitokana na saratani hizo. Kwa hiyo akipungua pahali fulani ni hasara, na akizidi pahali pengine ni hasara. Na mahali pamoja, yaani katika damu ya mtoto wa SS, kazi yake iliyo sawa kabisa ndiyo inayomfungulia maumivu.

Twaomba wasomaji wetu wakae kidogo juu ya jambo hili, maana ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tumezoea kuugawa ulimwengu katika vitu vyema na vitu vibaya, na watu wema wa asili na watu wabaya wa asili, kana kwamba wema na ubaya umekaa ndani ya kitu kama chumvi ndani ya maji ya bahari. Ukiitazama damu hii, hukuti hivyo. Herufi ya selimundu ikiwa moja ni ngao, zikiwa mbili ni msiba. Bawabu mahali pake humtengeneza mwanadamu. Madhara yatokana na kukutana, na kipimo, na mahali. Aliyeita damu ya mwenziwe mbaya amekichukua kipande kimoja cha jambo lenye vipande viwili, tena amechagua kile kisicho chake.

Yuko aliyetujibu katika darsa kuwa, ikiwa herufi hii ina hikima ya kukinga malaria, basi na iachwe, wala wagonjwa wasihangaishwe na matibabu. Maneno haya yana sura ya uchaji lakini ni ugumu wa moyo. Malaria nayo imo katika ulimwengu huu huu, na aliyesema hivyo hulala ndani ya chandarua. Kujua hikima ya jambo hakumwondolei mtu wajibu wa kumwondolea mtoto maumivu.

Sasa tuje kwenye lile la kubadili maumbile. Mwaka 2013 iligunduliwa kuwa ndani ya jeni ya bawabu kiko kipande kidogo kinachomwamrisha kufanya kazi katika chembe nyekundu peke yake. Kikikatwa hicho, bawabu hulegea katika damu, na katika ubongo na chembe nyeupe huendelea kama desturi. Juu ya ugunduzi huo imejengwa dawa iitwayo Casgevy, iliyokubaliwa Uingereza mwezi wa Novemba 2023, kisha Bahrain na Marekani mwezi wa Disemba. Hutoa chembe za asili za damu za mgonjwa mwenyewe, wakakikata kipande kile nje ya mwili, kisha wakazirudisha. Katika wagonjwa 31 waliofuatwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa miezi 12 mfululizo bila ya maumivu makali. Si jambo jepesi: kabla ya kurudishiwa, mgonjwa hutiwa dawa kali ya kuusafisha uboho wake, dawa ambayo huweza kumnyima uzazi.

Je, hili ni lile lililokatazwa la kugeuza maumbile? Sisi twaona silo. Lililokatazwa ni la mtu anayejigeuza kwa kiburi au kwa udanganyifu, wala si la anayetibu. Tangu zamani tabibu hukata, huchoma, hutoa damu na huunga mfupa, na wanavyuoni hawakumwita mwenye kugeuza maumbile. Na katika tiba hii hakuna kilichotiwa kigeni kibakie ndani: mlango uliokuwa wazi tumboni umeachwa wazi baada ya kuzaliwa, na hemoglobini inayotoka ni ile aliyoumbwa nayo mgonjwa mwenyewe. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 15 huko Makka mwaka 1998, liliruhusu elimu hii ya jeni kwa kuzuia na kutibu maradhi, likakataza kuitumia kwa kuchezea tabia za mwanadamu. Mpaka huo twauona ni wa haki. Ama kuigeuza mbegu ya uzazi ili kizazi kizima kirithi, hilo ni jambo jingine lenye hatari zake, wala hatulifungui leo.

Kinachotushughulisha sisi zaidi ni bei. Marekani tiba hii hutozwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Elimu ya selimundu haikushuka kutoka mbinguni juu ya Boston. Sehemu yake ilitolewa katika mikono ya watu wa nchi hii mwaka 1949, na sehemu katika mikono ya watoto wa Kilifi na wa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako Dakta Julie Makani na wenziwe wamewafuata maelfu ya wagonjwa tangu 2004. Waliotoa damu ili watu wajue, leo hawawezi hata kusimama mlangoni pa dawa. Twamuuliza kila mwenye insafu alipime hili.

Lakini mtu asiikunje mikono akingoja mamilioni. Iko dawa ya vidonge, hidroksiyurea, ambayo kwa njia yake nyingine humrejeshea mgonjwa sehemu ya hemoglobini ya tumboni. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, wa Mbale katika Uganda, wa Kinshasa na wa Luanda, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa maumivu yalipungua, haja ya kutiwa damu ilipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Yataka tabibu aifuate kwa vipimo. Na kwa watoto wachanga iko penisilini, ziko chanjo, iko kinga ya malaria. Mtoto yule wa Ruiru hakuwa akipata hata kimoja katika hivi, kwa kuwa fedha za nyumba ilikuwa zikienda kwa waaguzi. Tulisema kwa ukali siku ile, na hatujuti.

Imebaki habari ya ndoa. Tulipokuwa Ruiru tulipitishwa karibu na mashamba ya utafiti wa kahawa. Wenyeji walitueleza habari za mbegu iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 baada ya miaka mingi ya kuchagua mti mama na mti baba, ili kahawa ihimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Tukaona haya. Mti wa kahawa huulizwa nasaba yake na maradhi yake kabla ya kuchavushwa, na sisi twakaa mbele ya watoto wa watu, tumevaa joho, twauliza mahari tu.

Hatusemi kuwa wawili wenye AS ni haramu kuoana. Hatuna dalili ya kusema hivyo, na Saudi Arabia, ambako kipimo hiki ni lazima tangu 2004, hakiwazuii wakitaka, huwajulisha tu. Wako watakaooana na wakajua la kumfanyia mtoto tangu siku ya kwanza, na hiyo peke yake ni tofauti kati ya uhai na kaburi la miezi kumi na minne. Tusemalo ni kuwa anayejua hali ya damu yake akamficha mposaji au mposwa ameghushi, kama aghushivyo muuza nguo afichaye tundu. Na asiyejua, na kipimo kipo, naye ana la kujibu. Wala tusidhani kuwa tiba mpya imeliondoa jambo hili: aliyetibiwa kwa Casgevy hupona yeye, lakini mbegu yake ya uzazi haikuguswa, na nakala zake atawarithisha wanawe.

Kwa upande wetu, tumekwisha kuafikiana katika halaka kuwa hatutamwozesha mtu mpaka tumuulize yeye na mwenziwe kama wamepima, na wasiopima tutawaeleza yaliyomo humu kabla ya siku ya akidi, si usiku wa harusi watu wakiwa wamekwisha kupika. Baadhi ya wazee wamekasirika, wakisema twafichua aibu za nyumba. Tumewajibu kuwa herufi katika karatasi si aibu.

Yule kijana tulimwambia njiani, siku ile ile, kuwa lafudhi ya talaka hatutamfundisha mpaka aende akapime damu yake. Alipima Thika katika wiki ya pili yake. Mkewe alikuwa amekwisha kuandikwa AS, na karatasi ya mume ilitoka na herufi zizo hizo. Alimsomea mama yake. Kwa alivyotwambia kwa simu, bibi yule alinyamaza mpaka magharibi, kisha akauliza kama herufi ile ilitoka kwake yeye au kwa marehemu mumewe. Kijana akamjibu kuwa hilo halijulikani mpaka naye apimwe. Aliyempeleka ni mkaza mwana wake.